Umati Unaosoma: Fani katika Filamu ya Usanisi wa Protini ya Stanford

Miongoni mwa filamu fupi za kufafanua sayansi ambazo wanafunzi wamezibeba kwa miili yao wenyewe, ipo moja inayotajwa mara nyingi kwa kicheko na mara chache kwa uchambuzi. Ni Protein Synthesis: An Epic on the Cellular Level, iliyoongozwa na Robert Alan Weiss mwaka 1971 kwa ajili ya Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Stanford, huko California. Kwa dakika 13 hivi inaeleza namna seli inavyosoma maagizo ya kijeni na kuyageuza kuwa protini, na sehemu kubwa ya maelezo hayo inatolewa na umati wa wanafunzi wanaocheza na kugaagaa kwenye uwanja wa nyasi. Kicheko cha watazamaji kina sababu, maana mavazi, maputo ya rangi na muziki wa roki vinaitia filamu muhuri wa zama zake. Lakini anayeitazama kwa subira ataona kwamba ule ulegevu unaochekesha ndio chombo chake cha usahihi. Umati usioweza kutawalika kikamilifu umechaguliwa kueleza mchakato unaoendeshwa na migongano, na uteuzi huo wa fani una hoja ndani yake.

Muundo wa filamu ni wa sehemu mbili, na uhusiano wa sehemu hizo ndio wa kwanza kuchunguzwa. Sehemu ya mwanzo ni mhadhara. Paul Berg, mtaalamu wa biokemia ambaye mwaka 1980 angekuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia, anasimama mbele ya michoro na kupitia hatua za usanisi: kuanzishwa, kurefushwa, kukomeshwa. Anataja wahusika mmoja baada ya mwingine. Kuna kipande kidogo cha ribosomu kiitwacho 30S na kikubwa kiitwacho 50S, kuna RNA mjumbe inayobeba maagizo, kuna RNA chukuzi zinazoleta asidi amino, na kuna protini saidizi zinazowezesha kila hatua. Sauti yake ni tulivu, mpangilio wake ni wa darasani, na hakuna anachokifanya kumtayarisha mtazamaji kwa kelele zinazofuata, isipokuwa ahadi kwamba mchakato huo huo utaonekana kwa njia ya ngoma.

Mtu angeweza kuuona mhadhara huu kuwa kibali tu, yaani heshima ya profesa inayotangulia ili mchezo wa vijana usidharauliwe. Tafsiri hiyo haitoshi. Kazi ya mhadhara katika fani ya filamu ni kumkabidhi mtazamaji ufunguo wa alama, kisha kumwacha autumie mwenyewe. Ngoma inapoanza hapulizwi tena tafsiri ya kila tendo kwa lugha ya darasani. Anakiona kishada cha watu kikikusanyika na inambidi akumbuke kwamba hicho ni kipande cha 30S. Anauona msururu ukijipinda kuelekea kishada na inambidi atambue kwamba hiyo ni RNA mjumbe. Raha anayoipata ni raha ya utambuzi, inayofanana na ya hadhira ya tamthilia ambayo tayari inaijua hadithi na imekuja kuona inavyotendwa. Bila mhadhara, ngoma ingebaki kuwa sherehe isiyo na mada, na bila ngoma, mhadhara ungebaki kuwa orodha ya majina. Weiss ameziweka mbili hizo kwa mfuatano, hakuzichanganya, na kwa hiyo amelinda hadhi ya kila moja.

Tukiingia uwanjani tunakuta msamiati wa maumbo ulio mfinyu mno, na ufinyu huo ni wa makusudi. Maumbo ya msingi ni matatu: kishada, msururu na mtu mmoja mmoja. Kishada ni ribosomu, kitu kikubwa kisicho na uso, ambacho utambulisho wake unatokana na wingi wa miili iliyoshikamana. Msururu ni RNA mjumbe, na tabia yake kuu ni kwamba una mwanzo na mwisho, hivyo unaweza kusomwa kwa upande mmoja tu. Mtu mmoja mmoja ni RNA chukuzi au protini saidizi, kiumbe kinachozurura, kinachofika, kinachofanya jambo moja na kuondoka. Kwa maumbo matatu filamu inaeleza tofauti tatu za utendaji, yaani mashine, matini na mchukuzi. Maputo ya rangi yanasaidia kubainisha wahusika, lakini hata picha ikitiwa ukungu kiasi cha kupoteza rangi, mgawanyo wa kazi ungeendelea kusomeka kutokana na maumbo peke yake. Hicho ni kipimo kizuri cha fani ya kufundishia, kwamba maana imebebwa na muundo na rangi imeongezwa kuuimarisha.

Hatua ya kuanzishwa inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Katika seli ya bakteria, kipande cha 30S hakiwezi kuanza kazi peke yake. Lazima protini saidizi ziwepo, RNA mjumbe ishikwe mahali panapofaa, RNA chukuzi ya kwanza iketi juu ya alama ya kuanzia, na ndipo kipande cha 50S kije kufunga muundo. Filamu inaufuata utaratibu huo, na inaufuata kwa kuchelewesha. Kishada kidogo kinasubiri, wachezaji wa pembeni wanakuja na kuzunguka, msururu unakaribia, na kwa muda mtazamaji hana hakika kama kuna kitu kitakachotokea. Kisha kishada kikubwa kinafika na vipande viwili vinakuwa kimoja. Kwa mtazamo wa usimulizi, huu ni ujenzi wa taharuki. Kwa mtazamo wa biokemia, ni maelezo kwamba hatua fulani haiwezekani kabla ya nyingine. Mbinu moja inatumikia mambo mawili, na haiwezekani kuonyesha mahali ambapo sanaa inaishia na ufafanuzi unaanzia.

Sasa tuje kwenye vurugu yenyewe. Msomaji aliyekulia Tanzania anaijua halaiki, ile michezo ya sherehe za kitaifa ambamo mamia ya wanafunzi huunda picha na maandishi uwanjani, na ubora wake hupimwa kwa unyoofu wa mistari na kwa jinsi kila mtoto anavyotoweka ndani ya umbo kubwa. Filamu ya Stanford inatumia malighafi hiyo hiyo, yaani uwanja, wanafunzi na muziki, kwa kanuni iliyo kinyume. Mistari yake imepinda, vishada vyake vinapumua na kutawanyika kidogo kabla ya kujikusanya tena, wachezaji wake wanakosana na kusukumana. Halaiki inaonyesha utaratibu unaotoka juu, kwa mtunzi aliyeipanga picha nzima. Hapa utaratibu unajitokeza kutoka chini, kwa watu wengi ambao kila mmoja anajua kanuni chache tu za ujirani: nani amshike, nani ampishe, lini aachie. Tukubaliane kuuita mpangilio huo utaratibu-jitokezi. Ndio utaratibu wa seli, ambamo molekuli hutikiswa na joto, hugongana ovyo, na hushikamana pale tu maumbo yanapolingana.

Uzito wa uteuzi huu unadhihirika tukiilinganisha filamu na kazi iliyokuja miaka 35 baadaye. The Inner Life of the Cell, uhuishaji wa kompyuta uliotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha Harvard kwa kushirikiana na kampuni ya XVIVO, ni kazi ya umbuji mkubwa, na protini yake ya kinesini inayotembea juu ya uzi wa seli huku ikivuta mzigo imekuwa picha maarufu. Lakini kinesini hiyo inatembea kama mtu mwenye miadi. Mazingira yake ni wazi, nyendo zake ni laini, na kila molekuli huelekea mahali pake bila kusitasita. Ndani ya seli halisi nafasi imejaa pomoni na kila kitu kinatetemeka. Watengenezaji wenyewe walirudi mwaka 2013 na toleo lililoonyesha msongamano na mtikisiko huo. Wanafunzi wa 1971 hawakuwa na kompyuta ya kuwasafishia nyendo zao. Ukosefu huo uliwapa ukweli ambao teknolojia bora zaidi ilihitaji jitihada ya pili kuufikia.

Kuna pingamizi la haki, kwamba filamu hii haionyeshi umbo la ribosomu hata kidogo. Ni kweli. Lakini mwaka 1971 umbo hilo halikuwa likijulikana kwa undani. Miundo ya ribosomu iliyofikia kiwango cha atomi ilipatikana mwaka 2000, na waliotambuliwa kwa kazi hiyo, Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2009. Kilichokuwa mikononi mwa wanasayansi wa wakati ule ni mfuatano wa matukio na jedwali la kijeni lililokuwa limekamilika mwaka 1966: kodoni 64 za herufi tatu tatu, 61 kati yake zikiwakilisha asidi amino 20, na 3 zikiashiria mwisho. Kishada cha watu kisicho na kingo dhahiri kinasema kile tu kilichojulikana. Kinadai kwamba kitu kikubwa chenye vipande viwili kipo na kinafanya kazi kwa hatua hizi. Hakidai kwamba kitu hicho kinafanana na hiki. Filamu ingejenga sanamu ya kupendeza, leo tungeirekebisha kwa aibu. Kwa kuwa ilijenga mfuatano, mhimili wa hoja yake bado unasimama.

Upande wa sauti una ujanja wake. Masimulizi yanayoandamana na ngoma yametungwa kwa kuiga “Jabberwocky”, shairi la Lewis Carroll lililotoka katika kitabu cha 1871, ambalo maneno yake mengi ni ya kubuni, yasiyo na maana inayojulikana, ilhali sarufi yake imekamilika. Uteuzi huu ungeweza kuchukuliwa kuwa mzaha wa wanafunzi tu. Lakini hebu tufikiri ribosomu inasoma nini. Inapita juu ya herufi za RNA tatu kwa tatu, inakubali mchukuzi anayelingana, inaunganisha, inasogea. Haijui kama protini inayoundwa itakuwa ya kubeba oksijeni au ya kuyeyusha chakula. Ni usomaji wenye sarufi bila maana. Shairi linalodumisha sarufi huku likifuta maana ndilo kiandamani chake stahiki, na mtazamaji anayeusikia mdundo kabla hajayaelewa maneno anawekwa katika nafasi ya mashine anayoitazama.

Kuhusu wakati na kipimo, filamu inafanya upanuzi mkubwa bila kuutangaza. Ribosomu ya bakteria ina upana wa takribani nanomita 20. Tukikadiria kwamba kishada cha wachezaji kimetanda mita 10, upana huo umekuzwa mara milioni 500. Bakteria aina ya Escherichia coli, akiwa katika hali nzuri ya kukua, huunganisha asidi amino kati ya 15 na 20 kwa sekunde moja, wakati uwanjani muungano mmoja unachukua muda wa kutosha kuutazama, kuuchekea na kuuelewa. Upanuzi huo una gharama, kwa kuwa mtazamaji hapati hisia ya kasi. Lakini unampa kitu ambacho kasi ingemnyima: kila asidi amino inaonekana kuwa tukio, lenye uwezekano wa kutotokea.

Kasoro halisi ya fani hii iko kwingine. Mchezaji ana macho. Anajua anakokwenda, anamwona mwenzake kwa mbali, anamkimbilia. Molekuli haimwoni yeyote. Hufika baada ya kugonga pasipostahili mara nyingi. Kwa hiyo, hata katikati ya vurugu, nia ya binadamu inajipenyeza katika picha, na mwanafunzi asiyeonywa anaweza kuondoka akidhani kwamba RNA chukuzi inaitafuta kodoni yake. Hii ni hatari ya kila usanifu unaotumia mwili kuwa ishara, na hakuna mavazi wala maputo yanayoiondoa. Kinachoipunguza ni wingi: wachezaji wanapokuwa wengi na kusongamana, nia ya mmoja humezwa na msukumo wa wote. Pale uwanja unapojaa filamu inakuwa sahihi zaidi, na pale mchezaji mmoja anapopewa nafasi ya kujionyesha inapungukiwa.

Kasoro hiyo inasaidia kuwapima warithi. Shindano la Dance Your Ph.D., lililoanzishwa na John Bohannon mwaka 2008, huwataka watafiti kueleza tasnifu zao kwa ngoma, na kanuni yake ni kwamba mtafiti mwenyewe awe miongoni mwa wachezaji. Kanuni hiyo inaelekeza fani kwa mtu binafsi. Mshindi wa 2014, Uma Nagendra, alieleza kwa sarakasi za bembea namna miche inavyonufaika baada ya kimbunga kuvuruga viumbe hatarishi vya udongoni. Mshindi wa 2017, Nancy Scherich, alizifanya nyuzi za nadharia ya hisabati ya misuko kuwa njia za miili hewani na sakafuni. Katika kazi hizo mwili uliofunzwa unafuata mstari safi, na mada zao zinaufaa ustadi huo. Msuko wa kihisabati hauna mtikisiko wa joto, kwa hiyo mchezaji hodari anaweza kuuchora bila kuudanganya. Ustadi huo huo ungepelekwa kwenye ribosomu, ungeleta tena ile kinesini yenye miadi.

Hapo ndipo uwanja wa Stanford unapotoa kigezo kwa mwanafunzi anayeshika simu leo kurekodi filamu ya sayansi. Swali la kwanza ni kanuni gani inayotawala vitu anavyovieleza, na je, vitu alivyoviweka mbele ya kamera, viwe watu, maharage au karatasi, vinaitii kanuni hiyo kwa asili yake? Kufanana kwa sura kunaweza kusubiri. Weiss na wachezaji wake walichagua kitu kinachogongana kueleza kitu kinachogongana, na kwa uteuzi huo mmoja walisamehewa mengi: sauti hafifu, mistari iliyopinda, mzaha uliozidi. Filamu nyingi zenye picha bora kuliko yao haziwezi kusamehewa hivyo, kwa sababu zimechagua kwanza kinachopendeza, kisha zikaitafutia sayansi nafasi ndani yake.