Chumvi Iliyochoka Dover

Mwishoni mwa mwaka 1948, katika mji wa Dover, Massachusetts, familia moja ilihamia kwenye nyumba isiyo na tanuri ya kupasha joto, na nje kuna theluji. Iliyowapasha joto ilikuwa chumvi.

Mtambo ulibuniwa na mwanasayansi Mária Telkes, mzaliwa wa Budapest. Eleanor Raymond alichora nyumba, Amelia Peabody akatoa fedha. Jua lilipita kwenye vioo vya ghorofa ya juu upande wa kusini na kupasha hewa, kisha feni zikaisukuma hewa hiyo hadi kwenye mapipa yaliyofichwa kati ya kuta, yenye tani 21 hivi za chumvi ya Glauber.

Kwa nini chumvi, isiwe mawe? Tazama barafu ndani ya glasi ya juisi: inapokea joto, inayeyuka, lakini haizidi kupata moto mpaka iishe yote. Hilo ndilo joto fiche. Chumvi ya Glauber huyeyuka kwenye nyuzi 32 za Selsiasi, na kilo moja humeza kilojuli 250 hivi. Kilo ya zege ingebidi iokwe kama mkate ndani ya oveni, nyuzi 250 na ushei, ndipo ibebe kiasi hicho. Usiku chumvi ikiganda, joto lote hurudi chumbani.

Majira mawili ya baridi mambo yalikwenda vizuri. Ya tatu yakaharibika. Chumvi hiyo, yenye maji ndani yake, ikiyeyuka, sehemu yake haimumunyiki bali huzama chini, maji yakabaki juu. Ikipoa, tabaka hizo mbili hazikutani tena sawasawa, na kila mzunguko nguvu hupungua. Mapipa nayo yalishika kutu na kuvuja. Mtambo ukang'olewa.

Kwa maoni yangu, wazo la Telkes halikushindwa. Kilichoshindwa ni chumvi ile na chombo chake. Wajerumani walianzia hapohapo. Kampuni ya BASF ilifungia nta ya parafini ndani ya vidonge vya plastiki visivyoonekana kwa macho, ikavichanganya na lipu ya jasi. Nta haitengani tabaka kama ile chumvi, na fundi huipaka ukutani kama lipu nyingine yoyote. Mwaka 2001 lipu hiyo ilitumika kukarabati nyumba za zamani mjini Ludwigshafen.

Muuzaji akikuletea lipu ya namna hii, muulize kwanza nta yake huganda kwenye nyuzi ngapi. Ya nyuzi 23 itafaa Nairobi, ambako usiku hupoa na nta huganda tena, tayari kunyonya joto la mchana. Mombasa mwezi Machi, usiku wa nyuzi 25, haitaganda kabisa.