August Wilson na Usemi wa Mtaa wa Hill

Wahakiki wengi waliomsifu August Wilson (1945–2005) wameshikilia kuwa mtunzi huyu aliyanakili mazungumzo ya Wamarekani Weusi jinsi yalivyo. Sifa hiyo ina nia njema, lakini yapotosha. Kunakili usemi ni kazi ya kinasa sauti. Wilson alitunga tamthilia kumi, kila moja ikihusu mwongo mmoja wa karne ya ishirini, na zote isipokuwa moja zikiwa na mandhari ya mtaa wa Hill mjini Pittsburgh alikozaliwa. Na usemi wa tamthilia hizo aliupata kwa kuutafuta.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, baada ya mwalimu kutilia shaka kuwa insha yake juu ya Napoleon ilikuwa kazi yake mwenyewe. Tangu hapo alijielimisha katika maktaba ya mji na kwa kukaa na wazee wa mtaani. Ajabu ni kwamba mazungumzo ya wazee hao hayamo katika mashairi yake ya mwanzo. Wakati huo aliamini, kama alivyokuja kukiri, kuwa usemi wa watu wake hauna budi kupambwa kabla ya kustahili sanaa. Mwaka 1968 alianzisha kikundi cha maigizo pamoja na Rob Penny. Alipomwuliza mwenzake namna ya kuwafanya wahusika wazungumze, alijibiwa kuwa asiwazungumzishe bali awasikilize. Jibu hilo lilichukua miaka kumi kuiva. Mwaka 1978 alihamia St. Paul, Minnesota, na huko ugenini ndiko alikoanza kuzisikia vyema sauti alizoziacha nyumbani. Tunda lake la kwanza lilikuwa Jitney, tamthilia ya madereva wanaowabeba watu ambao teksi zenye leseni hazikubali kuwafuata mtaani mwao.

Ustadi wake waonekana dhahiri katika Fences, iliyompatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1987. Troy Maxson, mzoa taka aliyewahi kucheza besiboli katika ligi za Weusi, hana lugha nyingine ya kuyaelezea maisha isipokuwa ya mchezo huo. Hata kifo kwake ni mpira uliorushwa ambao angeweza kuupiga. Msikilizaji hufurahia tamathali hizo, naye Troy huzifurahia zaidi. Lakini anapolazimika kumkiri mkewe Rose kuwa amempa mimba mwanamke mwingine, Troy hukimbilia besiboli tena, na Rose hukataa kumfuata huko. Yeye anazungumzia ndoa. Kwa ukatazo huo mmoja, usemi uliokuwa pambo wafichuliwa kuwa maficho. Kinasa sauti hakiwezi kufanya hivyo. Mtu aliyeupenda usemi huo na bado akaushuku ndiye awezaye.

Si kila mahali alikoushuku. Katika King Hedley II, iliyofika Broadway mwaka 2001, wahusika hupokezana hotuba ndefu, na kitendo husimama kungoja zamu yake. (Wapo wanaouita mtindo huo wa blues. Blues, hata hivyo, hujua kukatiza.)

Dosari nzito zaidi ni nyingine. Katika Jitney, Two Trains Running na Radio Golf, jukwaani mna mwanamke mmoja tu katika kila tamthilia. Ma Rainey na Berniece wa The Piano Lesson ni wahusika wenye nguvu, na Rose amekwisha tajwa. Lakini Risa wa Two Trains Running, mhudumu wa mkahawa aliyejikata miguu kwa wembe ili wanaume wamtazame kwa jicho jingine, huwapelekea wateja kahawa na maharage huku wanaume wakieleza wao kwa wao sababu ya makovu yake. Mtunzi aliyesikiliza wazee kwa uvumilivu mkubwa kiasi hicho amempa Risa maneno machache kuliko karibu kila mwanamume anayemhudumia.