Pongezi kwa Mafundi wa Pawatila

Mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza ulipozinduliwa mwaka 2009, pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili, zilimiminika katika halmashauri nyingi nchini Tanzania. Nyingi ziliharibika mapema zikatelekezwa. Ndiyo maana nawapongeza kwa dhati mafundi wa Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wanaozinunua zikiwa kuukuu, wakazifufua na kuziuza tena.

Injini ya pawatila kwa kawaida ni ya dizeli yenye silinda moja, hupozwa kwa maji na kuwashwa kwa hendeli. Fundi huanza na nozeli: ikivuja, moshi huwa mweusi na nguvu hupungua. Kisha ringi, beringi, mikanda, klachi. Spea ikikosekana dukani, huchongwa kwa mkereza vyuma, au hung'olewa kwenye mashine iliyokufa kabisa. Mbili zikazaa moja. Mnunuzi mzoefu hutaka iwashwe ikiwa baridi, kwani injini iliyokwishapata moto huficha maradhi.

Ngara ni milima na migomba, kwa hiyo tela la kubebea mizigo ndilo lenye faida, na breki zisifanyiwe mzaha hata kidogo. Kwenye mabonde ya mpunga Biharamulo, matairi huvuliwa, yakafungwa magurudumu ya chuma yasiyozama topeni. Halmashauri ziwape mafundi hawa kazi ya matengenezo kabla ya kuagiza mashine mpya.