Nani Kauliza, Nani Kajibu: Kupima Ubora wa Mahojiano ya Utafiti

Msomaji mzoefu wa tafiti za sosholojia haanzii kwenye matokeo. Hufungua kwanza sura ya mbinu kutafuta nani alimhoji nani, wapi, na kwa maswali gani.

Kilichotokea Charleston, South Carolina, mwaka 1937, kinaeleza kwa nini. Mradi wa serikali ya Marekani ulikuwa ukikusanya masimulizi ya watu waliozaliwa utumwani. Yalipatikana zaidi ya 2,300. Bibi kizee mmoja, Susan Hamlin, alihojiwa mara mbili. Alipoketi na mhojaji mzungu, Jessie Butler, ambaye Susan alimdhania ni mtu wa ofisi ya misaada, alimsifu bwana wake wa zamani. Alipoketi na Augustus Ladson, mhojaji mweusi, alisimulia viboko na wanandoa waliotenganishwa kwa kuuzwa. Anayesoma nakala moja tu hubaki na historia nusu.

Hata hivyo, mhojaji na mhojiwa kuwa wa rangi moja na mtaa mmoja hakutoshi. Mwanaisimu William Labov aliandika mwaka 1969 juu ya mvulana wa miaka minane wa Harlem, New York, aliyemjibu mhojaji kwa neno mojamoja, ingawa mhojaji huyo, Clarence Robins, alikuwa mweusi na mwenyeji wa huko huko. Safari iliyofuata Robins alileta krispi, akamwalika rafiki wa mtoto, akaketi sakafuni, akagusa mambo ambayo watoto huyasema wakubwa wasipokuwepo. Mtoto aliyeonekana hana maneno akaanza kugombania zamu ya kusema. Kwa hiyo ripoti nzuri hueleza kikao kilivyokuwa, haiishii kwenye idadi ya vikao.

Maswali nayo yakaguliwe. Mwanasosholojia Howard Becker aligundua kwamba “kwa nini?” humfanya mtu ajitetee, kana kwamba ameshitakiwa, lakini “ilikuwaje?” humfungulia njia ya kusimulia. Ripoti ikificha maswali, msomaji hana namna ya kujua kama jibu lilitoka kwa mhojiwa au lilitiwa kinywani mwake.

Ukaribu una faida na gharama. Ann Oakley, aliyewahoji wanawake wa London kabla na baada ya kujifungua, alipinga mwaka 1981 desturi ya mhojaji kuuliza tu bila kujibu. Wanawake hao walimuuliza mengi kuhusu uzazi, naye akawajibu. Alipata imani yao, na mambo ambayo dodoso lisingeyafikia. Lakini anayekaribia hivyo naye huathiri anachoambiwa, hivyo mtafiti mzuri huandika pia alichosema yeye.

Udhaifu mkubwa zaidi ni umbali kati ya kauli na tendo. Kuanzia mwaka 1930, mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina. Kati ya hoteli na migahawa 251, walikataliwa mahali pamoja tu. Baadaye aliwaandikia wenye biashara hizo kuuliza kama wangepokea wageni Wachina. Kati ya 128 waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Yeye alituma dodoso kwa barua, lakini onyo lake linayahusu mahojiano vilevile: hufichua jinsi watu wanavyoelewa maisha yao, ila hayathibitishi wanachotenda.

Basi utafiti wenye wahojiwa 20, unaoonyesha maswali, mazingira na hata majibu yanayopingana na hoja ya mwandishi, unastahili kuaminiwa kuliko wenye wahojiwa 200 uliochagua nukuu tamu tu.