Kisasi cha Ruth: Nani Kashinda?

Wenzangu wengi wakishasoma The Life and Loves of a She-Devil ya Fay Weldon (1983) husema Ruth ni mwanamke aliyejikomboa. Mimi hapo nina ubishi.

Ruth ana urefu wa futi 6 na inchi 2, sura haimpi mtu hamu. Mumewe Bobbo, mhasibu, kahamia kwa Mary Fisher, kimwana mwembamba anayetajirika kwa riwaya za mapenzi na kuishi mnarani kando ya bahari. Basi Ruth anachoma nyumba yake mwenyewe, anawatupia watoto huko huko mnarani (haya, waleeni!), kisha anachezea hesabu za Bobbo hadi jamaa anafungwa. Msuko unasisimua kweli, nilikesha nao. Lakini taharuki yenyewe si kama atakamatwa. Ni atakuwa nani akishamaliza.

Jibu linatisha. Ruth anajilaza mbele ya madaktari, anafupishwa hata miguu, ili afanane na yule yule anayemchukia! (Waliotazama filamu ya 1989 tu hawakuyaona haya, upasuaji huo umeachwa.) Mary anakufa kwa kansa, Ruth ananunua mnara, Bobbo anarudi. Sasa niambieni jamani, sura iliyobaki ni ya nani? Mary kafa, kipimo chake cha uzuri kiko hai, tena ndani ya mwili wa adui yake. Naye Weldon, kwa kumwachia Ruth asimulie baadhi ya sehemu kwa nafsi ya kwanza, anatufanya tumshangilie huku kisu kikimkata yeye.