Nani wa Kujibia Makala?

Mwandishi wa kujitegemea hana meza katika ofisi ya gazeti, hana mshahara wa mwezi, wala hana mkuu wa kumtetea pindi mambo yaharibikapo. Hulipwa kwa makala iliyochapwa. Iliyokataliwa hurudi naye nyumbani. Katika mji wa Kigali baadhi ya wafanyao kazi hii ni walimu wa lugha, na tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda, wale waandikao kwa Kiswahili wana sababu zaidi ya kushika kalamu. Wakutanapo, mazungumzo yao huwa juu ya malipo. Sisi twapenda kuliuliza swali ambalo mazungumzo hayo hulipita upesi: neno likiisha kuchapwa, ni nani wa kulijibia?

Hatudharau suala la malipo. Mwandishi asiyepatana mapema na mhariri juu ya idadi ya maneno, siku ya kulipwa, na fidia ya makala iliyoagizwa kisha ikaachwa, asishangae akizungushwa miezi mitatu. Tena yafaa ajue kwamba Rwanda imo katika Mapatano ya Berne tangu mwaka 1984. Mapatano hayo humpa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga mageuzi yanayoichafua heshima yake, hata akiwa amekwisha kuuza haki zake za mapato. Habari tupu za siku hazilindwi. Kinacholindwa ni utunzi. Walakini haki ya kutajwa jina ni deni pia, na deni hili ndilo lisilozungumzwa.

Kigali ina mfano mzito kuliko mji mwingine wowote tuujuao. Gazeti la Kangura, jina lenye maana ya kuamsha, lilianza kutolewa Mei 1990. Katika toleo lake la 6, Desemba ya mwaka huohuo, lilichapa zile zilizoitwa Amri Kumi za Wahutu, zilizowataka Wahutu wajitenge na Watutsi katika ndoa, biashara na madaraka. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Hassan Ngeze, mwanzilishi na mhariri wa gazeti hilo, tarehe 3 Desemba 2003, ikampa kifungo cha maisha. Rufani ya Novemba 2007 ikakipunguza kiwe miaka 35. Linalotuhusu zaidi ni hoja moja ya rufani ile. Mahakama ilipewa mamlaka juu ya matendo ya mwaka 1994 tu, na kwa hiyo majaji waliona kwamba matoleo yaliyotangulia mwaka huo hayawezi kuwa msingi wa hatia ya uchochezi. Toleo la Amri Kumi likabaki nje ya mkono wa sheria.

Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kushika zamu. Aliyehukumiwa ni mhariri. Lakini gazeti haliandikwi na mtu mmoja, na desturi ya waandishi wa nje ya ofisi, popote walipo, ni kusema: mimi nilipeleka makala tu, aliyechapa ni mhariri. Hoja hii haisimami. Mhariri huchapa kile alicholetewa, na aliyekileta alikwisha kukifikiri kabla yake. Wala haifai kuzisingizia nyakati. Katika miaka hiyohiyo Kinyamateka, gazeti la Kanisa Katoliki lililoanzishwa mwaka 1933, lilifichua ufisadi wa wakubwa chini ya uongozi wa Padri André Sibomana, aliyelishika tangu 1988. Lilifanya hivyo kwa hatari kubwa, ni kweli, lakini lilifanya.

Na tuyaangalie maneno yenyewe, maana hapa mwalimu wa Kiswahili ana la kusema kuliko mwanasheria. Mwaka 1994 kitenzi cha Kinyarwanda gukora, yaani kufanya kazi, kilitumiwa kwa maana ya kuua. Mwandishi amhojiye shahidi kule Nyamata, akasikia kwamba watu fulani walikwenda kufanya kazi, afasiri nini? Akiandika kwamba walikwenda kuua, amesema kweli ya tukio, lakini amefuta ushahidi wa jinsi mauaji yalivyovishwa nguo za umuganda, kazi ya pamoja ya wanakijiji. Akiandika kwamba walikwenda kazini, bila zaidi, msomaji wa Tanga atadhani ni vibarua waliokwenda kutafuta riziki. Twaona afadhali neno kazi libaki, na maelezo yafuate katika sentensi ileile. Maelezo hayo ni maneno kumi au kumi na tano, na mhariri mwenye nafasi finyu atayaona ya kukatwa kwanza. Basi mwandishi ayapiganie hayo kabla ya kupigania nauli yake.

Suala la nauli nalo lina miiba. Kila mwaka maombolezo huanza tarehe 7 Aprili, na majarida ya nje huhitaji makala kutoka Kigali. Kwa mwandishi wa kujitegemea huu ni msimu wa mavuno. Hatuogopi kulitamka neno hilo, kwa kuwa ndilo linalopaswa kumkera. Katika ukumbusho wa Gisozi, uliofunguliwa mwaka 2004, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Yeye hulipwa kwa simulizi ya mtu aliyewapoteza ndugu zake humo, na mtu huyo halipwi kitu. Je, amlipe? Kununua ushuhuda ni kuuharibu. Lakini kumrudishia mama nauli ya basi na ujira wa siku aliyoiacha sokoni si kununua. Ni adabu, nayo iandikwe wazi katika makala. Bahasha anayopewa mwandishi na waandaaji wa mkutano ni jambo jingine kabisa, hata ikiitwa nauli. Ya kwanza hutoka kwa mwenye kalamu kwenda kwa mnyonge. Ya pili hutoka kwa mkubwa kuja kuinunua kalamu.

Limebaki suala la kichwa cha makala, ambacho aghalabu hutungwa na mhariri aliye mbali. Mwandishi amepeleka makala juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, jina ambalo Umoja wa Mataifa nao ulilikubali mwaka 2018 katika siku yake ya kumbukumbu. Jarida likatangaza kichwani vita vya kikabila. Kichwa hicho chageuza mauaji yaliyopangwa kuwa ugomvi wa majirani, na jina la mwandishi liko chini yake. Aombe kuonyeshwa kichwa kabla ya kuchapwa, na akipinge. Wako wanaosema kwamba mhariri akishikilia, yatosha mwandishi aondoe jina lake. Sisi hatuoni hivyo, kwa sababu msomaji hupokea maneno yaleyale, yawe na jina au yasiwe nalo. Makala yenyewe na iondolewe, na ujira, ikiwa umekwisha kulipwa, urudishwe.