Salfa ya Newala: dawa iliyopimwa kwa ndoo ya maji

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho ghafi, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata 20,000. Katikati ya miaka hiyo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, nchi ilijengewa viwanda vya kubangua hadi vikafika 12, vikiwemo vya Masasi na Newala, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mzigo wa kuvitosha haukuwepo. Vingine havikufanya kazi kabisa, vingine viliishia kuwa maghala.

Waliopiga hesabu ya viwanda walitazama mavuno ya 1973 wakadhani yatadumu. Shambani mambo yalikuwa mengine. Operesheni Vijiji ya 1974 iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa haivutii, magugu yakapanda hadi kwenye matawi. Kisha ukaja ubwiriunga, uliotambuliwa nchini mwaka 1979. Ukungu huu mweupe hushika majani machanga na mashada ya maua wakati wa baridi ya usiku na umande, na ua likishakauka hakuna korosho. Aliyebaki na shamba alikuwa anatazama maua yakigeuka rangi ya majivu.

Tofauti na viwanda, kazi ya kutafuta dawa ilianzia chini ya mti. Watafiti wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, walijaribu salfa, ambayo wakulima wa zabibu huko Ulaya wameitumia dhidi ya ukungu wa aina hiyo tangu karne ya 19. Kwamba salfa inaua ukungu haikuwa habari mpya. Kazi ilikuwa kujua itamfikiaje mkorosho mrefu wa Newala, nani ataipuliza, saa ngapi, na kwa fedha ipi.

Jibu lililotokea lina akili kuliko linavyoonekana. Salfa hupulizwa ikiwa unga, kwa mashine ya mgongoni inayotumia petroli, alfajiri upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande, ili unga ushike. Kipimo kilichoenea ni gramu 250 kwa mti, mara tano, kila baada ya siku 14 tangu maua yanapoanza kuchomoza. Mwenye miti 100 anahitaji kilo 125, yaani mifuko mitano ya kilo 25. Umande uleule unaoukuza ugonjwa ndio unaotumika kuinasa dawa. Maji ya kuchota hayahitajiki hata tone.

Na hapo ndipo uwanda wa Makonde unapoamua mambo. Udongo wake wa kichanga hunyonya mvua yote; chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabonde. Newala na Tandahimba, juu ya uwanda huo, maji husukumwa kwa pampu kupandishwa juu, na bomba likikauka ndoo inanunuliwa. Baadaye dawa za maji ziliingia sokoni, zikipulizwa mara tatu tu, kila baada ya siku 21, badala ya mara tano. Kwenye karatasi zinashinda waziwazi: mizunguko michache, vumbi kidogo, kemikali inayoingia ndani ya jani. Lakini tuseme kila mti unataka lita mbili. Miti 100 ni lita 200, ndoo kumi, mara tatu, na zote katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, wakati mama mwenye nyumba anahesabu ndoo za kupikia. Kwa anayeishi karibu na mto, dawa ya maji ni nafuu. Kwa mtu wa Newala ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye chupa.

Salfa nayo ina deni lake. Inachoma macho na kifua cha anayepuliza. Mbaya zaidi, katika miaka ya 1990 utafiti wa Majule, Topper na Nortcliff ulionyesha kwamba vumbi la salfa linaloanguka chini linaweza kuongeza tindikali katika udongo wa kichanga wa kusini. Mkulima wa huku hapandi mikorosho peke yake. Kati ya mistari kuna muhogo, mbaazi, njugu. Dawa inayookoa zao la biashara huku ikidhoofisha udongo wa chakula inabidi irudishwe mezani.

Ilirudishwa. Mkazo ukahamia kwenye mti wenyewe: kupogolea na kupunguza miti iliyosongamana ili hewa ipite, kisha kubebesha vikonyo vya miti iliyochaguliwa kwa mavuno na kwa kustahimili ugonjwa. Mimi naona hatua hii ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa ndiyo isiyopigiwa ngoma. Mikorosho ya zamani ilitokana na mbegu, kila mmoja na tabia yake: huu unachanua Juni, ule Agosti. Mwenye shamba la namna hiyo akifuata ratiba moja, dawa nyingine inapotea kwenye mti ambao haujachanua. Miti ya kubebeshwa ya aina moja huchanua karibu pamoja, na mpulizaji anajua anaanza lini na anamaliza lini.

Mavuno yalipanda hadi zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18. Salfa peke yake haikuleta hayo. Bei nzuri, mashamba mapya na pembejeo za bure za mwaka ule vyote vilichangia.

Kuna kipande kimoja ambacho wabunifu wa dawa hawakuweza kukitengeneza maabara: mfuko wa mkulima. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba, salfa inatakiwa kuwa shambani kabla ya Juni. Miezi hiyo ndiyo nyumba haina senti. Ushuru wa korosho zinazouzwa nje ulikuwa ukirudisha asilimia 65 kwenye maendeleo ya zao, pembejeo zikiwemo, hadi Bunge lilipobadili sheria mwaka 2018 na fedha zote kwenda Hazina. Wabunge wa kusini walipinga hadharani. Kwa macho ya mchambuzi wa bidhaa, yale hayakuwa mabadiliko ya kodi tu. Yaligusa sehemu ya dawa ambayo mkulima hawezi kuigharimia mwenyewe.

Ruzuku ya pembejeo imerejea tangu hapo, na ni jambo jema. Ila mzunguko wa kwanza ukipita, mfuko wa salfa unaofika Julai hauwezi kurudisha ua lililokwisha kauka. Wizara ya Kilimo na Bodi ya Korosho waipime kazi yao kwa tarehe: salfa iwe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika ifikapo mwisho wa Aprili.